Mama Mfanyakazi katika Michezo ya Televisheni ya Marekani

Ukitaka kujua hesabu ya nyumba ya mfanyakazi, usimwulize baba, mwulize mama. Baba aweza kukuambia mshahara wake ni kiasi gani. Lakini mama ndiye ajuaye siku ya ngapi mshahara huo utakwisha, duka gani litakubali kukopesha, na mtoto yupi atangoja viatu mpaka mwezi ujao. Ni hivyo kwetu, na ni hivyo katika miji ya viwanda ya ng'ambo. Kwa hiyo watu watungao michezo ya kuchekesha juu ya nyumba za wafanyakazi hawawezi kumkwepa mama huyo. Wakimwondoa, nyumba haisimami.

Walakini Wamarekani, walio mabingwa wa michezo hiyo, wamemtendea kwa namna nyingi. Pengine walimpa heshima kubwa. Pengine walimficha kabisa, kama kwamba hayupo duniani. Pengine walimwita mbele ya watazamaji, kisha wakampa mwanawe vichekesho vyote naye wakamwachia machozi. Ndugu wasomaji, nataka kuisimulia historia hiyo, maana ndani yake kuna jambo moja lirudilo kila mara: sura ya mama katika televisheni ilitegemea nani ashika kalamu, na nani alipa gharama.

Tuanze mbali kidogo, wakati wa redio. Tarehe 20 Novemba 1929, yapata majuma matatu baada ya bei za hisa kuanguka New York na watu wengi kupoteza mali yao, redio ya NBC ilianza mchezo juu ya jamaa ya Kiyahudi iliyokaa katika nyumba ya kupanga. Aliyeutunga ni bibi Gertrude Berg, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1899. Aliuandika mwenyewe, akaucheza mwenyewe. Jina lake katika mchezo lilikuwa Molly Goldberg. Mumewe, Jake, alifanya biashara ya nguo. Watoto wao ni Sammy na Rosalie. Tena alikaa nao mjomba mzee, David. Molly alisema Kiingereza cha mgeni, maneno yakipinduka mdomoni mwake, lakini akili yake haikupinduka. Jirani akigombana na mkewe, ni Molly apatanishaye. Mtoto akiona haya kwa sababu ya lugha ya wazazi wake, ni Molly amwonyeshaye ya kuwa hakuna aibu.

Mwaka 1949 mchezo huo, ulioitwa The Goldbergs, ulihamia televisheni ya CBS. Watu walimwona sasa Molly akiegemea dirisha lake katika mtaa wa Bronx, akiwaita jirani wa ng'ambo ya ua, kama wafanyavyo wanawake wa mtaa wowote wenye nyumba zilizobanana. Bibi Berg alipewa zawadi ya Emmy, akiwa wa kwanza kuitwa mchezaji bora wa kike. Hivyo mama mkuu wa kwanza wa michezo ya kuchekesha ya televisheni ya Marekani hakuwa tajiri wala hakukaa katika nyumba yenye bustani. Aliishi juu ya ngazi, akasikia harufu ya vyakula vya jirani.

Lakini tazama dirisha lile tena. Kutoka humo Molly aliwageukia watazamaji na kuwasifia kahawa ya Sanka, maana wenye kuuza kahawa hiyo ndio waliolipia mchezo. Mwanahistoria George Lipsitz, katika makala yake ya mwaka 1986, ameeleza mchezo mmoja wa 1949. Kulikuwa na shauri la kununua mashine ya kufulia nguo kwa kulipa kidogo kidogo. Molly akakataa: yeye na mumewe hawakuzoea kununua kitu pasipo fedha mkononi. Lakini kabla mchezo haujaisha alikuwa amelegezwa. Lipsitz aona hapo kazi kubwa ya michezo ile. Watu waliokwisha kuona njaa ya miaka ya 1930 na upungufu wa wakati wa vita walikuwa wamejifunza kuogopa deni. Wenye viwanda walitaka waisahau hofu hiyo. Na nani angeweza kuwatuliza vizuri zaidi kuliko mama yao wenyewe, mwenye aproni kiunoni?

Waliolipa waliweza pia kuadhibu. Mwezi wa Juni 1950 kilitoka kitabu kidogo, Red Channels, chenye majina ya watu wa redio na televisheni walioshukiwa kuwa marafiki wa Wakomunisti. Ndani yake mlikuwamo jina la Philip Loeb, aliyecheza Jake. Kampuni ya kahawa ikadai afukuzwe. Bibi Berg akakataa. Mwaka 1951 mchezo ukaondolewa CBS. Ulirudi 1952 kwa shirika jingine, NBC, ila Loeb hakuwamo tena. Molly alipewa mume mwingine kana kwamba wa kwanza hakupata kuwako. Mwaka 1955 Loeb alijiua katika hoteli moja ya New York. Katika majira yale ya mwisho Molly na jamaa yake walihamishwa kutoka Bronx, wakapewa nyumba yao peke yao nje ya mji, penye majani na nafasi. Dirisha la kuongea na jirani halikuwa na kazi tena. Mwaka 1956 mchezo ukaisha.

Siku zile alikuwako mama mwingine mpendwa, Marta Hansen wa mchezo Mama, uliotangazwa na CBS toka 1949 hata 1957. Huyu alikuwa Mnorwe, mke wa seremala wa San Francisco, na habari zake ziliwekwa mwanzoni mwa karne ya ishirini. Mchezo ulitokana na kitabu cha Kathryn Forbes cha mwaka 1943. Kisa kijulikanacho zaidi katika kitabu hicho ni cha fedha. Kila Jumamosi jioni jamaa yahesabu senti juu ya meza: hizi za kodi ya nyumba, hizi za duka, hizi za viatu. Ikitosha, mama afurahi kwamba hakuna haja ya kwenda benki kugusa akiba. Watoto wakua bila hofu kwa sababu mama ana fedha benki. Kumbe! Mama hakuwa na fedha benki hata senti moja, wala hakupata kuingia katika nyumba ya benki. Sijui kisa kinachomweleza mama wa maskini vizuri kuliko hicho.

Katika michezo mingine ya wakati ule baba alikuwa mjinga na mama mwenye busara. Ndivyo ilivyokuwa The Life of Riley, juu ya mfanyakazi wa kiwanda cha ndege huko Los Angeles. Bwana Riley aharibu kila jambo, na mkewe Peg alitengeneza, akitabasamu. Mwalimu mmoja wa elimu ya jamii, Richard Butsch, aliyeichunguza michezo ya miaka arobaini na zaidi, alisema ya kuwa desturi hiyo yawahusu hasa wafanyakazi: baba wa kazi za mikono achekwa kama mtoto, lakini baba daktari au mwanasheria aheshimiwa nyumbani mwake. Mtu aweza kufikiri kwamba hiyo ni sifa kwa mama. Mimi siamini sana. Mama asifiwaye kwa sababu tu mumewe ni mpumbavu amepewa sifa ya bei rahisi, tena mumewe amedhulumiwa.

Mwaka 1950 nyumba 9 tu katika kila 100 za Marekani zilikuwa na televisheni. Mwaka 1960 zilikuwa zapata 87. Na katika miaka hiyo hiyo mama wa wafanyakazi alitoweka. Mahali pake akaja mama wa Leave It to Beaver (1957 hata 1963), bibi June Cleaver, asafishaye nyumba akiwa amevaa mkufu wa lulu. Mumewe aenda ofisini, wala hatuoni barabara kazi yake ni nini. Hakuna anayehesabu senti juu ya meza. Na haya yalionyeshwa wakati ambapo zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa Marekani walikuwa na kazi ya mshahara: wakifunga mikebe viwandani, wakipiga taipu, wakifua mashuka ya hospitali, wakiosha sakafu za akina Cleaver.

Hao waliosha sakafu, wengi wao walikuwa wanawake weusi, na habari yao ni nzito zaidi. Mwaka 1950 shirika la ABC lilianza mchezo Beulah, wa kwanza wa kuchekesha wenye mwanamke mweusi kuwa mkuu wake. Beulah ni mtumishi katika nyumba ya wazungu. Apika, amlea mtoto wa bwana wake, awatatulia shida zao. Lakini yeye hana mtoto wala mume. Ana rafiki tu asiyeona haraka ya kumwoa. Tena katika redio, sauti ya Beulah kwanza ilifanywa na mwanamume mzungu, Marlin Hurt. Basi mama mweusi mfanyakazi alipokuja kuonekana na Wamarekani wote, alikuja akiwa mlezi wa watoto wa watu. Jioni alirudi kwa nani? Mchezo haukuuliza.

Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka ishirini.

Jibu lilitoka katika karakana ya Norman Lear, mtunzi aliyefariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 101. Tarehe 12 Januari 1971 CBS ilianza kuonyesha mchezo wake All in the Family. Aliuchukua kwa Waingereza. Huko London Johnny Speight alikuwa ametunga mchezo Till Death Us Do Part, juu ya mzee wa kazi, mwenye makelele na chuki kwa wageni, na mkewe Else aliyekaa kimya akimngoja achoke. Lear akawahamishia Queens, New York. Mzee akawa Archie Bunker, msimamizi wa wapakuzi wa mizigo. Mke akawa Edith, aliyechezwa na Jean Stapleton.

Edith akimbia. Mumewe akiingia tu, yeye mbio jikoni kuleta bia. Mumewe akiita, mbio tena. Akianza kusimulia jambo, mumewe amkatiza kwa neno la kumfunga kinywa. Lear alieleza ya kuwa neno hilo alilisikia utotoni: baba yake alimwambia hivyo mama yake. Watazamaji walicheka sana, na mchezo ukawa wa kwanza nchini miaka mitano mfululizo. Walimcheka Edith, tusifiche. Lakini Stapleton alikuwa na ustadi wa kumwongezea mama huyo uzito polepole bila kumbadilisha. Mwaka 1972 palionyeshwa mchezo juu ya Edith kufikia umri wa kukoma hedhi, jambo ambalo watu hawakulitaja mbele ya wageni. Siku hiyo mwenye makelele alipata kusikia makelele. Mwaka 1977 Archie aliweka nyumba rehani ili anunue baa, akaigiza kwa hila sahihi ya mkewe katika karatasi za benki. Mke aliyeonekana hajui kitu alijua mara moja maana ya sahihi yake. Hatimaye Stapleton alichoka na kazi hiyo, na mwaka 1980 watazamaji waliambiwa Edith amekufa usingizini. Archie akaachwa ameshika kiatu kimoja cha ndani cha mkewe. Hakuna aliyecheka.

Katika michezo ya Lear alikuwamo pia mtumishi mweusi, Florida, aliyechezwa toka 1972 na Esther Rolle katika nyumba ya tajiri Maude. Rolle alizaliwa Pompano Beach, jimbo la Florida, mwaka 1920, katika jamaa ya watoto 18 ya wakulima waliotoka Bahama. Huyu hakuwa mtu wa kuambiwa njaa ni nini. Walipomtaka awe mkuu wa mchezo wake mwenyewe, mama wa watoto watatu katika nyumba za serikali huko Chicago, walimpangia awe mama asiye na mume. Rolle akakataa. Alijua yaliyokuwa yakisemwa nchini juu ya jamaa za watu weusi, kwamba baba hayuko, na hakutaka kulitia muhuri neno hilo. Hakukubali hata alipopewa mume. Mume huyo ni James, aliyechezwa na John Amos.

Hivyo, tarehe 8 Februari 1974, ulianza mchezo Good Times. Mmoja wa waliouanzisha, Eric Monte, alikulia katika nyumba za Cabrini-Green, zile zilizoonekana mwanzoni mwa kila mchezo. Na kwa miaka miwili palikuwa na kitu kipya kabisa: mama mweusi aliyekuwa nyumbani mwake, si kwa bibi mzungu, akila na mumewe na watoto wake. James hafanyi kazi moja. Leo afanya mbili, kesho amefukuzwa zote. Mara nyingi jambo la mchezo ni dogo namna hii: kodi ya nyumba haijatimia, na siku ni mbili. Florida hana lulu shingoni. Ana kitambaa cha kupangusia meza, na macho yaliyomtangulia mumewe kujua kama kazi imepatikana au imekosekana, hata kabla hajafunga mlango.

Lakini watazamaji walimpenda kupita wote kijana wao mkubwa, J.J., mrefu, mwembamba, mwenye kuruka na kupiga kelele ya neno moja lile lile. Watungaji wakaona fedha hapo. Kila juma kelele ikaongezeka na mambo ya kodi yakapungua. Mwaka 1975 Rolle alilalamika waziwazi katika gazeti la Ebony: kijana huyo ana miaka 18, hafanyi kazi, hafikiri, na watoto weusi wanaotazama wafundishwa nini? Amos naye aligombana na watungaji, na mwaka 1976 akaondolewa. James akafa kwa ajali ya motokaa huko Mississippi, alikokwenda kutafuta kazi nzuri. Yule baba ambaye Rolle alimpigania akanyang'anywa kwa telegramu.

Katika mchezo wa mazishi Florida acheka na wageni, agawa chakula, aosha vyombo, hata watoto wake wakasirika: mama hana huzuni? Wageni wakiisha kwenda, ashika bakuli kubwa la kioo, alivunja sakafuni, na kilio chatoka. Wamarekani wengi waliokuwa watoto wakati ule walikumbuka bakuli hilo hata uzeeni. Rolle mwenyewe aliacha mchezo mwaka 1977. Akarudi 1978 baada ya kuahidiwa ya kuwa J.J. atatengenezwa kuwa mtu wa maana. Lakini mwaka 1979 mchezo ulikwisha.

Sitakawia kwa Alice, mjane mhudumu wa mkahawa huko Phoenix mwenye mtoto mmoja, aliyechezwa na Linda Lavin toka 1976 hata 1985. Ni mchezo mwema, wenye watu wacheshi. Ila mkahawa ulimeza nyumba: twamwona Alice akichukua sahani kuliko tunavyomwona akilipa bili.

Kwa wale Waingereza tuliokwisha kuwataja, miaka hiyo ya 1980 ilileta mama mmoja ambaye siwezi kumruka. Ni Nellie Boswell wa mchezo Bread, uliotungwa na mwanamke wa Liverpool, Carla Lane, na kuonyeshwa na BBC toka 1986 hata 1991. Liverpool ilikuwa imepoteza kazi za bandari, na vijana wa Nellie waliishi kwa posho ya serikali na kwa ujanja. Nellie, Mkatoliki wa kusali kabla ya kula, aliweka mezani chungu chenye umbo la kuku. Kila mtoto, hata mtu mzima mwenye ndevu, hutia fedha ndani ya kuku huyo kabla ya kushika uma. Fedha zimetoka wapi? Mama haulizi sana. Wenyeji wengine wa Liverpool walinung'unika ya kuwa mchezo wawafanya kuwa wavivu na wezi mbele ya nchi nzima. Wengine walicheka kwa kuwatambua jirani zao.

Turudi Marekani, maana sasa twamfikia mama aliyebadilisha mambo.

Roseanne Barr alizaliwa Salt Lake City mwaka 1952. Aliolewa, akazaa watoto watatu, akawa mhudumu wa mkahawa huko Denver. Hapo ndipo alipoanza kusimama jukwaani usiku na kuwachekesha watu kwa maneno ya jikoni: watoto, mume, vyombo vichafu. Hakujidai kuwa mzuri wala mpole. Mwaka 1985 alionekana katika televisheni mbele ya nchi yote, na tarehe 18 Oktoba 1988 ABC ilianza mchezo wenye jina lake, Roseanne.

Jamaa ya Conner yakaa Lanford, mji wa kubuni katika jimbo la Illinois. Dan, mume, ni fundi wa ujenzi asiye na hakika ya kazi. Roseanne atengeneza vitu vya plastiki kiwandani. Kuna kochi kuukuu lililofunikwa blanketi la kufuma, meza ya jikoni, karatasi za madeni. Mama agomba, atania, apika vibaya akichoka. Umeme wakatwa. Na haya hayakuwa mambo ya kuhurumiwa. Yalikuwa ni maisha, nao wenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kuyacheka. Hapo pana tofauti na Edith. Edith achekwa na watu wanaojua kuliko yeye. Katika nyumba ya Conner hakuna mtazamaji awezaye kumtangulia mama kwa mzaha, ameshausema.

Lakini mwanzoni kabisa palitokea ugomvi. Jina la mtungaji lililoandikwa mwanzoni mwa mchezo halikuwa la Barr, bali la Matt Williams. Kwa haki, Williams naye hakuwa mgeni wa wafanyakazi: alitoka Evansville, Indiana, mji wa viwanda, na nyumba ya akina Conner ionekanayo kwa nje ni ya mji huo. Lakini Barr aliona ameibiwa maisha yake. Kulikuwa na maneno mengine, hata ya nguo: aliandika mwaka 2011 jinsi alivyogombana juu ya mavazi, kwa kuwa yeye alijua mwanamke wa Lanford avaa nini. Maneno ya mama yakiandikwa kwa namna asiyoweza mama kuyasema, alikataa kuyasema mbele ya kamera. Baada ya michezo 13 Williams akaondoka. Barr akabaki na nguvu ambazo Bibi Berg alikuwa nazo na Rolle hakupata kuwa nazo.

Mwisho wa mwaka ule wa kwanza, 1989, kiwanda chapata msimamizi mpya. Aongeza idadi ya vitu vya kutengeneza kila siku. Roseanne aenda kuzungumza naye, naye akubali kupunguza, kwa sharti moja: yeye anyamaze, awe mtiifu mbele ya wenzake. Anyamaza. Wenzake wamshangaa. Kisha msimamizi aongeza idadi tena. Basi wanawake waacha mashine na kutoka pamoja. Ni tendo la ushujaa, lakini baadaye bili haziondoki: kwa muda mrefu mama huyo atangatanga, mara kuuza magazeti kwa simu, mara kufagia nywele saluni, mara kuwa mhudumu, mpaka yeye na jamaa yake wafungua mkahawa mdogo. Katika majira ya 1989 na 1990 mchezo ulishika nafasi ya kwanza sawasawa na The Cosby Show, ambao baba yake ni daktari na mama yake mwanasheria. Mwenye kiwanda cha plastiki na mwenye joho la mahakama walipata watazamaji sawa.

Miaka ya mwisho ilikuwa mibaya. Mwaka 1996 watungaji waliwapa akina Conner dola milioni 108 za bahati nasibu, na mara moja mchezo ukakosa ladha. Mama asiye na hesabu ya kufanya hakujua aseme nini. Mwezi wa Mei 1997, siku ya mwisho, watazamaji waliambiwa ya kuwa fedha zile zilikuwa ndoto za kitabu alichokuwa akiandika Roseanne, na ya kuwa Dan amekufa kwa ugonjwa wa moyo.

Toka 2000 hata 2006 alikuwako Lois, mama wa Malcolm in the Middle, muuzaji katika duka la dawa na vitu vya nyumbani, mwenye wavulana wakorofi na sauti ya kupasua ukuta. Jane Kaczmarek, aliyemcheza, alitajwa mara saba kwa zawadi ya Emmy asiipate hata mara moja. Katika mchezo wa mwisho mwanawe mwenye akili nyingi apewa kazi ya fedha nyingi, na Lois aizuia. Ataka mtoto asome Harvard kwa taabu, akilipa kwa kusugua sakafu, kisha siku moja awe rais wa nchi, rais ajuaye maskini huishije kwa kuwa amekuwa mmoja wao. Mtoto akasirika. Mama hajali. Twamwacha Malcolm ana ufagio Harvard, na Lois kwao avumbua kwamba ana mimba tena.

Mchezo Roseanne ulirudi tarehe 27 Machi 2018, Dan akiwa hai tena, naye mama akiwa mzee mwenye goti bovu. Watu wengi mno wakautazama. Lakini tarehe 29 Mei ABC iliufuta, kwa sababu Barr alikuwa ameandika hadharani neno la dharau ya rangi juu ya Valerie Jarrett, mwanamke mweusi aliyekuwa mshauri wa Rais Obama. Kalamu aliyoipigania miaka thelathini nyuma, yeye mwenyewe aliitumia hivyo, na wachezaji na mafundi wote wa mchezo wakapoteza kazi kwa siku moja. Sioni la kumtetea, ingawa bado naheshimu kiwanda kile cha 1989.

Mwezi wa Oktoba 2018 wachezaji wenzake walianza tena bila yeye, kwa jina The Conners. Ilibidi wamwondoe mama, nao hawakumpa ajali ya motokaa wala kifo cha usingizini. Alikufa kwa vidonge vya kutuliza maumivu. Goti lake lilihitaji kupasuliwa, malipo ya hospitali yaliwashinda, akazoea vidonge. Kisha jamaa wakagundua ya kuwa alificha chupa mahali pengi, na nyingine zilikuwa na majina ya majirani, kwa kuwa majirani nao walikuwa na maumivu yasiyolipika na walikopeshana dawa kama watu wakopeshanavyo chumvi. Mchezo uliendelea hata tarehe 23 Aprili 2025. Katika majira ya mwisho Dan ashitaki wenye kuuza dawa hizo, na fidia apewayo ni ndogo mno. Binti zake wawili, Becky na Darlene, nao ni akina mama sasa. Wakaa katika jikoni ile ile, na karatasi za madeni ziko mezani.